Shajara ya mradi: nyumba ya Reading, tarehe mbili na cheni ya watu wanne

Januari 14, 2025, Jumanne

Ofa imekubaliwa. Vyumba viwili, zile nyumba za mstari zilizogusana kuta, hapahapa mji wa Reading, Uingereza, pauni 330,000. Dalali kapiga simu asubuhi nimetoka shifti ya usiku nimelala nusu saa tu, nikamwambia asante nikarudi kulala, mume wangu ndo kashangilia kwa niaba yangu.

Naandika huku kila kitu kikisogea manake nina ndugu wawili watatu wanaotaka kununua mwakani na kila mtu ananiuliza swali lilelile, mnahamia lini. Jibu ni kwamba hakuna anayejua. Uingereza hii ofa ikikubaliwa bado hujanunua kitu, hakuna aliyefungwa, wao wanaweza kuuza kwa mwingine kesho na sisi tunaweza kuondoka kesho, na hakuna wa kumshtaki mwenzake. Kinachofunga ni siku mawakili wanapobadilishana mikataba iliyosainiwa. Alafu kuna siku nyingine kabisa, ya kukamilisha, hela yote inalipwa na funguo zinatoka. Tarehe mbili hizo ndo mradi wenyewe. Rangi na makabati ni mambo ya baadaye.

Januari 17

Dalali katuma ramani ya cheni, yaani mstari wa wanunuzi na wauzaji wanaotegemeana. Tupo wanne:

Namba Moja ni sisi, tumepanga, hatuna cha kuuza. Namba Mbili ndo wanaotuuzia, mke na mume na watoto watatu, wananunua kubwa zaidi ya pauni 475,000. Namba Tatu ni mzee mstaafu anayewauzia hao, yeye anashuka kwenda kwenye fleti ya 240,000 karibu na binti yake. Juu kabisa, Namba Nne, ni fleti ya marehemu, inauzwa na msimamizi wa mirathi, mahakama imeshampa kibali, na yeye hanunui popote.

Sasa yule wa juu asiyenunua ndo ana raha kuliko wote. Hana haraka, hana vani, hana watoto wa kuhamisha shule. Sisi wa chini hatuna cha kuuza kwahiyo madalali wanatupenda, lakini hela inaanzia kwetu, tukichelewa sisi wanachelewa wote.

Januari 22

Nieleze kwanini kila mtu kwenye cheni hii anahema. Ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi wa nyumba. Tangu Septemba 23, 2022 viwango vilikuwa vimelegezwa, anayenunua nyumba yake ya kwanza halipi kitu mpaka 425,000, wengine hawalipi mpaka 250,000. Ulegezaji unaisha Machi 31. Kuanzia Aprili 1 wa nyumba ya kwanza anasamehewa mpaka 300,000 tu na wengine mpaka 125,000. Bajeti ya Oktoba ilipita watu wakisubiri nyongeza ya muda na nyongeza haikuja.

Hesabu yetu: tukikamilisha kabla ya Aprili, sifuri. Baada ya hapo asilimia 5 ya ile 30,000 iliyozidi, yaani pauni 1,500. Namba Mbili wao watalipa 11,250 kabla, 13,750 baadae. Mzee wetu kabla ya tarehe hana cha kulipa, baada ni 2,300. Msimamizi wa mirathi hadaiwi hata senti kwasababu yeye muuzaji.

Na hapa watu wengi wanachanganya: kinachoangaliwa ni siku ya kukamilisha, sio siku ya kubadilishana mikataba. Unaweza ukawa umesaini, umelipa depoziti, umefungwa mikono na miguu, ukakamilisha Aprili 2, na ushuru mpya ukakukuta.

Februari 6

Wakili kataka kujua kila senti ya depoziti imetoka wapi. Asilimia 10 ni 33,000, nyingi ni akiba yetu ya miaka lakini kuna fungu shemeji yangu wa Muscat katupa. Basi ikawa kesi. Taarifa zake za benki, kitambulisho chake, barua ya zawadi inayosema hii hela sio mkopo, haidai riba, na hatakuwa na haki yoyote ndani ya nyumba. Shemeji kacheka kwenye simu, "Shem, nikija kuwatembelea sebuleni nitakaa au nitasimama?" Lakini kaisaini siku hiyohiyo, Mungu ambariki.

Kama kuna hela inatoka Oman, Dubai, Dar, popote, anza kukusanya hizo karatasi mapema kabla hata ya kupata nyumba. Sheria za utakatishaji fedha hazijali kama aliyetuma ni mama yako mzazi.

Ukaguzi wa nyumba umefanyika, unyevu kidogo ukuta wa nyuma, bati la kibanda limeoza, basi. Sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu zinazohusu nyumba, zimeshaombwa: serikali ya mtaa, maji na maji taka, mazingira.

Februari 24, Jumatatu

Leo tumebishana nyumbani.

Kodi yetu ni 1,350 kwa mwezi, kipindi kinaanza tarehe moja. Tulipo sasa mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, notisi ni mwezi mmoja na lazima iishie mwisho wa kipindi. Kwahiyo tukitoa notisi kabla Februari haijaisha tunatoka Machi 31. Tukichelewa hata siku chache tunabeba kodi ya Aprili yote.

Mume wangu anasema, "Sasa mama, kila mtu anataka kumaliza kabla ya Aprili, mikataba itabadilishwa tu, kwanini tuchome 1,350?" Na kweli inauma. Ila mimi nimekataa na bado nakataa. Leo hii hatuna mkataba. Tuna imeli nyingi na dalali mwenye sauti nzuri. Ikitokea mzee kabadili mawazo, au fleti ina tatizo, sisi Aprili mosi tupo nje na watoto na mabegi na mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine. Namba Mbili wakikwama wanabaki kwao, mzee akikwama anabaki kwake. Wa chini ndo pekee anayeweza kukosa pa kulala, na ni yeye huyohuyo anayeombwa aoneshe kwamba yuko tayari.

Tumekubaliana: notisi baada ya kubadilishana mikataba, sio saa moja kabla.

Februari 27

Shangazi kapiga kutoka Morogoro. Kwao kule mnakubaliana bei, mnaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, mnaandikishana, hela hapa karatasi hapa. Kaniuliza, "Mwanangu, mmeshalipa mkaguzi, mmeshalipa wakili, na nyumba mtu anaweza kumuuzia mwingine?" Nikamwambia ndiyo shangazi. Akanyamaza. "Na hao ndo waliotutawala?" Sikuwa na la kusema.

Machi 5

Kikwazo kimejulikana, na kiko juu kabisa. Ile fleti ni ya kukodi ardhi kwa miaka mingi, kwahiyo wakili wa mzee anahitaji pakiti ya taarifa kutoka kwa kampuni inayosimamia jengo: ada ya mwaka, akiba ya matengenezo, bima ya jengo, usalama wa moto, kama kuna kazi kubwa inakuja ambayo wenye fleti watachangishwa. Pakiti iliombwa Januari na imefika juzi, na wakili wa mzee kaisoma akarudisha maswali. Wote wa chini tumeshamaliza, sachi zimerudi, benki imetoa barua ya mkopo, mkataba tumeshausaini na uko kwenye droo ya wakili bila tarehe. Ni foleni ya Ubungo hii, taa imewaka kijani kitambo lakini gari la mbele kabisa haliendi, na honi yako haifiki huko.

Kusaini mkataba sio kubadilishana, hili nalo nimelieleza mara nyingi kwa ndugu zangu. Wakili anakaa na karatasi yako, haina nguvu mpaka aitoe.

Machi 11, Jumanne

Sasa ndo vita ya tarehe. Dalali wa Namba Mbili kaja na wazo: tubadilishane na kukamilisha siku moja, Machi 31, Jumatatu. Inaruhusiwa, watu wanafanya. Nimemwambia wakili wetu sitaki na nikamuomba aandike kwamba sitaki.

Sababu zangu. Kwanza, siku moja maana yake mpaka asubuhi hiyo hakuna aliyefungwa, unapakia vani huku mtu yeyote kati ya wanne anaweza kusema samahani. Pili, benki yetu inataka siku tano za kazi tangu wakili aombe hela ya mkopo, kwahiyo wakili atalazimika kuiita hela kabla hatujawa na mkataba, na cheni ikikatika hela inarudi na riba yake na kuanza upya. Tatu, Jumatatu ya mwisho haina kesho. Kitu kikigoma saa nane mchana, kinachofuata ni Jumanne Aprili 1, ushuru huo.

Nilitaka Alhamisi tarehe 27. Mzee kasema kampuni yake ya kuhamisha mizigo imejaa, ana Ijumaa tu. Namba Mbili nao Ijumaa. Ijumaa 28 basi. Ijumaa ndo siku inayopendwa kuliko zote kwa kukamilisha na kwasababu hiyohiyo ndo siku mawakili na mabenki wanazidiwa, na hii ni Ijumaa ya mwisho kabla ya ushuru kupanda, nchi nzima itakuwa barabarani na masanduku. Lakini Ijumaa ina kitu kimoja Jumatatu haina: hela ikichelewa kupita saa nane, mkataba unaihesabu imefika siku ya kazi inayofuata, ambayo ni Machi 31. Bado tupo ndani. Kwa hilo nimekubali.

Machi 14

Depoziti inapanda. Hili sikulijua kabla na limenifurahisha. Ile 33,000 yetu haikai kwa wakili wa Namba Mbili, wanaruhusiwa kuitumia kama depoziti yao kule juu. Yao ingetakiwa 47,500 lakini mzee kakubali kupokea 33,000 hiyohiyo, naye anatoa 24,000 humo kwa ajili ya fleti. Yaani cheni nzima ya nyumba zaidi ya milioni moja imeshikiliwa na depoziti ya nesi na dereva wa basi na shemeji yao wa Muscat.

Ila kupunguziwa depoziti sio kusamehewa, wao wakivunja mkataba asilimia 10 nzima wanaweza kudaiwa.

Tumetuma hela leo. Namba ya akaunti ya wakili ilikuja kwa posta siku ya kwanza, na kabla ya kutuma nikapiga simu ofisini, namba niliyoichukua mwenyewe kwenye ile barua, nikasomewa tena tarakimu moja moja. Wapo matapeli wanaodukua imeli na kutuma "akaunti yetu imebadilika" siku chache kabla ya kubadilishana. Akaunti ya wakili haibadiliki Ijumaa jioni kwa imeli. Ukiona hivyo piga simu.

Machi 18, Jumanne

Ilikuwa leo. Haikuwa leo. Saa tisa mchana wakili kasema wameachiana mpaka kwa mzee, ila wakili wa msimamizi wa mirathi yuko kwenye kikao, na muda waliopeana ulikuwa saa kumi. Saa kumi ikapita. Kila kitu kinaanza upya kesho.

Utaratibu wenyewe, kwa wanaopenda kujua, unafanyika kwa simu. Chama cha mawakili cha England na Wales kina fomula zake, A, B na C, na cheni kama yetu inatumia C. Wakili wetu anampigia wa Namba Mbili na kusema mteja wangu yuko tayari, ukinipigia kabla ya saa fulani leo nitabadilishana. Huyo naye anapanda kwa wa mzee na ahadi hiyohiyo, mpaka juu. Juu kabisa wakikubaliana ndo kweli imefungwa, alafu simu zinashuka moja moja mpaka chini. Muda ukipita kabla haijashuka, ahadi zote zimekufa na hakuna aliyefungwa. Nyumba ya watu, mwaka 2025, kwa simu ya mezani.

Machi 19, Jumatano

TUMEBADILISHANA. Saa saba kasoro. Kukamilisha Ijumaa Machi 28.

Nilichofanya baada ya kukata simu, kwa mpangilio: nikapiga kelele, nikawasha bima ya jengo, nikatuma notisi kwa mwenye nyumba. Bima ni leo, sio siku ya funguo. Kwa masharti ya kawaida ya mkataba hatari inahamia kwa mnunuzi tangu kubadilishana, nyumba ikiungua kesho na wao wamelala ndani, sisi bado tunatakiwa kuinunua. Na benki nayo inadai bima hiyo.

Sasa tumefungwa kwelikweli. Tukishindwa kulipa siku hiyo, riba inahesabika kila siku, wanaweza kutupa notisi ya siku kumi za kazi, na baada ya hapo 33,000 imekwenda. Mume wangu kwa mara ya kwanza kanyamaza kimya tangu Januari.

Notisi imeangukia Aprili 30. Kodi ya Aprili tunalipa, 1,350. Tumeokoa ushuru 1,500. Faida yetu kwenye mbio zote hizi za nchi nzima ni pauni 150, ukitoa vani inabaki hela ya chipsi. Nimelala vizuri lakini.

Machi 26

Ada za wakili tumetuma leo, wakili anataka hela iwe imetulia kwenye akaunti siku mbili kabla. Benki kathibitisha mkopo 297,000 utamfikia Ijumaa asubuhi.

Vani tumekodi ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kwa makusudi. Wabebaji ni vijana wetu wa Tanga na Mombasa na wote wamefunga, Ramadhani inaishia wikiendi hii. Wamesema, "Dada usijali, tutabeba asubuhi, tunaenda Ijumaa, tunarudi tunabeba tena." Nimewaambia makochi yataisubiri swala.

Machi 28, Ijumaa

Saa mbili asubuhi vani imejaa nusu. Saa tatu na robo benki imeachia. Saa nne na dakika chache wakili wetu katuma kwa CHAPS, ule mfumo wa mabenki wa kutuma hela nyingi siku hiyohiyo, kwenda kwa wa Namba Mbili. Saa tano kasoro dalali kasema imepokelewa, hongereni, nyumba ni yenu.

Nyumba ni yetu na Namba Mbili wamo ndani.

Hili ndo mtu hakuambii. Hela yetu imefika, wakili wao kalipa kwanza mkopo wao wa zamani, kachanganya na mkopo mpya, katuma kwa mzee, lakini ya mzee imekaa benki mahali mpaka saa saba na nusu. Na wao wasipopata funguo za juu watoto watatu wanaenda wapi? Kwahiyo tumekaa kwenye vani nje ya nyumba yetu tukiangalia watu wakila mkate kwenye jiko letu. Kwa mkataba muda wa kutoka ni saa nane. Mume wangu alitaka kwenda kugonga, nikamwambia wewe kaa, yule mama ana mtoto mdogo mgongoni na anabeba masanduku.

Saa nane kasorobo simu zikashuka. Wametoka saa nane na dakika ishirini, yule mama kaja mpaka dirishani kwa vani kuomba radhi na kutuonesha koki ya kufungia maji iko wapi, chini ya ngazi nyuma ya mashine ya kufulia, ambayo peke yetu tusingeiona kabisa. Funguo kwa dalali. Vijana wametoka msikitini, mizigo ikaingia kwa fujo. Jua lilipozama tukafuturu wote sakafuni, tende, uji wa pilipili manga, sambusa alizotuma mke wa mmoja wao, na sufuria ilikuwa bado kwenye boksi gani hakuna aliyejua.

Picha za mita ya umeme, gesi na maji nimepiga kabla ya kuwasha kitu chochote.

Aprili 3

Wakili kapeleka fomu ya ushuru wa stempu, ina siku 14 tangu kukamilisha na inapelekwa hata kama deni ni sifuri. Maombi ya kusajili umiliki yamekwenda HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi na nyumba, huko ni kusubiri miezi, ila kabla ya kukamilisha wakili alishafanya sachi ya kipaumbele inayotulinda siku 30 za kazi mtu mwingine asijiandikishe mbele yetu.

Fimbo za mapazia za chumba cha mbele hazipo, na kwenye orodha ya vitu vinavyobaki waliziweka tiki. Wakili kauliza kama tunataka aandike barua. Barua yake moja inazidi bei ya fimbo zote za nyumba hii. Jumamosi naenda kununua, na nyumba ya zamani bado tunayo mpaka mwisho wa mwezi kwahiyo napaka rangi chumba cha watoto wakiwa wamelala kule.